Dakika Tano Hadi Getini

Mwaka wa 2019, kuanzia Februari hadi Mei, kazi yangu ilikuwa kumtembeza mbwa polepole. Nilikuwa nimeandikwa kufyeka nyasi na kumwagilia maua katika boma moja la Loresho, lakini mbwa wa hapo alipofanyiwa upasuaji wa goti, panga na mpira wa maji vikawekwa kando. Nikakabidhiwa kamba, taulo kuukuu na karatasi mbili za maagizo.

Mbwa aliitwa Waziri. Jina alipewa na mzee wa boma, mtumishi wa serikali wa miaka mingi ambaye, nilivyosimuliwa, alipenda kusimama kwenye veranda na kuita, "Waziri, kuja hapa! Waziri, keti chini!" kisha akacheka peke yake. Mzee alifariki 2017. Nilipoajiriwa mwaka uliofuata nilimkuta Mama, mjane wake, dada wa jikoni, askari wa usiku, na Waziri, Labrador mweusi, mnene kiasi, aliyekuwa akilala mlangoni mwa chumba cha kusomea ambacho hakikuwa na msomaji tena.

Ukimwambia mtu kwamba mbwa amekatika kano la goti, atakuuliza ni gari gani lilimgonga. Waziri hakugongwa na gari. Daktari alitueleza kwamba kwa binadamu kano hilo mara nyingi hukatika kwa kishindo: mchezaji anageuka ghafla, kiatu kimekwama kwenye nyasi, basi. Kwa mbwa wengi huchakaa pole pole, uzi mmoja mmoja, kama kamba ya kisima, mpaka siku moja anaruka kumkimbiza paka na nyuzi za mwisho zinaachia. Dalili tulikuwa tumeziona wiki nyingi. Alikuwa anaketi kando, mguu wa nyuma wa kulia ameutupa nje kama mzee kwenye baraza. Akisimama, mguu huo aliugusisha chini kwa ncha tu za vidole. Sisi tukasema ni uzee na unene.

Pale kliniki nilisaidia kumshika. Daktari alilishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akasukuma kidogo. Mfupa wa chini ukateleza mbele kama droo ya kabati.

"Umeona?" akaniuliza mimi, si Mama. "Hauna kitu cha kuushikilia."

Kisha akachora kwenye kipande cha karatasi. Juu ya mfupa wa muundi wa mbwa pana mteremko, na kila anapokanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kurudi nyuma kwenye mteremko huo. Kano lililokatika ndilo lilikuwa breki. Upasuaji wenyewe hauliungi kano. Daktari hukata sehemu ya juu ya muundi kwa msumeno wa mviringo, huizungusha mpaka mteremko upungue, kisha huifunga kwa bamba la chuma na skrubu. "Breki hatutengenezi," alisema. "Tunapunguza mlima." Mtu yeyote aliyewahi kupanda matatu mbovu angemwelewa.

Bili niliiona kwenye kiti cha gari tukirudi. Shilingi 180,000. Mshahara wangu ulikuwa 15,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Goti la Waziri lilikuwa mwaka wangu mzima: asubuhi zote, jua lote, mvua yote.

Nilirudi Kangemi jioni hiyo kwa miguu, nimeibeba ile 180,000 kichwani kama debe la maji. Nyumbani kulikuwa na goti lingine.

Ndugu yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Baba Faith, alikuwa fundi wa mawe. Mwaka wa 2017, kwenye mjengo mmoja upande wa Ruaka, ubao aliokuwa amesimamia ulivunjika, akaanguka kutoka ghorofa ya kwanza. Mguu wa kushoto ulitua kwanza, goti likapinda kwa ndani. Mwenye mjengo alilipa teksi na dawa za siku ya kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani. Hospitalini walimpiga picha ya eksirei wakasema mfupa haujavunjika. Mfupa usipovunjika watu hukupongeza. Hakuna aliyetuambia kwamba picha hiyo haionyeshi kano.

Alipewa dawa za maumivu, bendeji, mkongojo, na kadi ya kurudi kila Alhamisi kwa mazoezi. Alienda mara mbili. Alhamisi ya tatu hakukuwa na nauli. Ya nne nauli ilikuwepo lakini hakukuwa na unga. Baada ya hapo kadi ikakaa juu ya redio, ikashika vumbi. Mke wake na Faith wakarudi nyumbani Lugari, yeye akahamia kwangu, chumba kimoja, ghorofa ya pili. Goti lilikuwa "linatoka", ndivyo alivyosema, hasa kwenye ngazi. Basi akaacha ngazi. Siku nzima alikaa kwenye baraza la ploti, mguu umenyooshwa juu ya jerikeni, akitazama watu wanaoshuka kwenda mahali.

Sikumwambia kuhusu Waziri. Nilisema tu kwamba siku hizi kazi ni nyepesi.

Wiki mbili za kwanza hazikuwa nyepesi. Karatasi ilisema: barafu dakika 15, mara tatu kwa siku; matembezi dakika tano, ya haja tu; asiruke, asikimbie, asipande ngazi, asiachwe kwenye sakafu inayoteleza. Barafu yetu ilikuwa pakiti ya minji kutoka friza, iliyofungwa kwa kitambaa. Dada wa jikoni aliiandika kwa kalamu nene MINJI YA WAZIRI ili isije ikapikwa. Shingoni alivalishwa koni ya plastiki asilambe kidonda, akawa anagonga kila mlango kama mlevi mwenye taa. Tukitoka, nilipitisha taulo chini ya tumbo lake na kulishika kwa juu, ili nimbebee uzito kidogo wa nyuma. Kutoka mlango wa jikoni hadi getini na kurudi ni hatua chache tu. Sisi zilituchukua dakika tano.

Halafu kulikuwa na kuukunja mguu. Unamlaza kwa ubavu ule mzima, unashika juu ya goti na chini ya goti, unakunja taratibu, unanyoosha taratibu, mara kumi. Dada aliyesimamia mazoezi pale kliniki alinifundisha nisimtazame mguu, nimtazame kichwa. "Akigeuza kichwa kukutazama, umefika mwisho. Usipite hapo. Kesho mwisho utakuwa umesogea."

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni ule upole wa mwendo. Nilipomrudisha wiki ya tatu nilijisifu kwamba Waziri sasa anatembea mbio hadi getini. Dada akaniambia nimtembeze tena, akiangalia. Kisha akasema, "Anakudanganya. Mbwa ana miguu minne. Ukimharakisha anaubeba ule mbovu na kukimbia kwa mitatu, na wewe unafikiri amepona. Nenda pole pole mpaka akose njia, mpaka lazima aukanyage." Akatoa utepe wa fundi cherehani, akapima paja la kulia na la kushoto. La kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu. Msuli usiotumiwa hukonda upesi, akasema, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko kuupoteza.

Jioni hiyo Baba Faith aliazima jaketi langu kwa sababu ya baridi, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile karatasi. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilimsikia akisoma kwa sauti, kwa ule Kiswahili chake cha kusoma Biblia.

"'Mazoezi ya kuketi na kusimama, mara tano, asubuhi na jioni. Hakikisha ameketi sawa, asitupe mguu kando. Mpongeze kila anapofanya vizuri.'" Akanyamaza. "Huyu ni nani?"

"Ni mbwa wa huko kazini."

"Mbwa."

"Alifanyiwa oparesheni ya goti."

Alisoma tena, kimya kimya safari hii, ukurasa wa kwanza na wa pili. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Waziri ni waziri tu, hata akiwa wa mbwa." Nilicheka pia, kwa kupata nafuu. Halafu akauliza, bila kucheka, "Na wewe unampongeza?"

"Ndiyo."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia, vizuri Waziri. Vizuri sana."

Aliikunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha mfukoni. "Pakua tule," akasema. "Kesho una kazi."

Usiku huo sikulala vizuri. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeishi na hasira ya 180,000, na nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa hasira tamu. Nilikuwa nimeshamhadithia askari wa usiku, na makanga, na jamaa wa kuchoma mahindi pale steji: hii Nairobi bana, mbwa anawekewa chuma mguuni na binadamu anapewa Panado. Wote walitikisa vichwa. Ni kweli, na bado ni kweli. Lakini hasira hiyo ilikuwa tamu kwa sababu haikunigusa. Ilikuwa ya mama mwenye nyumba, ya mwenye mjengo, ya serikali.

Gizani nilianza kujitetea kama mtu aliye kortini. Nani amelipa kodi tangu 2017? Mimi. Nani ananunua unga? Mimi. Dawa za maumivu je? Mimi. Yote yalikuwa kweli. Lakini bamba la chuma la Waziri lilikuwa limewekwa asubuhi moja, na daktari mwenyewe alisema hilo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa dakika tano, halafu kumi, halafu 15, na mtu wa kwenda naye. Mtu huyo alikuwa mimi. Na tangu ndugu yangu ahamie kwangu, sikuwahi hata siku moja kushuka naye ngazi. Nilimpita hapo barazani asubuhi nikiharakisha kwenda kazini, nikampita jioni nikiwa nimechoka. Alikuwa akiubeba mguu wake kwa mitatu, ule mzima na mkongojo na jerikeni, nami nikasema amezoea.

Sitaki kusema umaskini si kitu. Kama nauli ingekuwepo Alhamisi ile ya tatu, pengine nisingekuwa na haya ya kuandika. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimeuachia umaskini ubebe hata sehemu yangu.

Sikuwa mjinga kiasi cha kumfanyia mtu mazoezi ya mbwa. Goti la binadamu ni lingine; anatembea wima, hana miguu miwili ya akiba. Niliichukua ile kadi juu ya redio, nikaipangusa, na Jumatatu nikamwendea Mama akiwa kwenye veranda.

"Mama, naomba ruhusa Alhamisi asubuhi. Alhamisi zote, kama itawezekana. Nitarudi saa sita, na siku hiyo nitafanya mpaka jioni."

"Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilieleza kwa kifupi, macho kwenye maua, kwa sababu sikutaka ionekane kama naweka goti moja kwenye mizani na lingine. Bila shaka lilionekana hivyo. Alikaa kimya muda mrefu, mkono juu ya kichwa cha Waziri, ndani ya ile koni.

"Miezi yote hiyo uko hapa," alisema mwishowe. "Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia lini, na kwa mlango upi? Aliniruhusu Alhamisi, na siku hiyo alinipa 2,000 ya nauli bila kunitazama. Hakusema zaidi, na hakutoa 180,000, kama pengine unavyongojea. Nashukuru kwa Alhamisi. Ndizo nilizoomba.

Kule hospitalini tulipanga foleni kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Kwenye chumba cha fiziotherapia palikuwa na vitanda vitatu, mipira mikubwa na ngazi ya mbao yenye vidato vinne isiyokwenda popote. Mtaalamu alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi. Alimlaza Baba Faith chali, akalikunja goti, akaushika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta kuelekea kwake. Ukateleza. Nikaujua mteremko ule kabla hajafungua mdomo.

Kisha akatoa utepe. Paja la kushoto lilikuwa limepungua sentimita nne.

"Umekuja umechelewa," alisema, "lakini hujachelewa kabisa." Akaeleza kwamba kuna upasuaji wa kutengeneza kano jipya, na kwamba angeweza kumwandikia barua ya kumwona daktari wa mifupa. Kuna watu pia, akasema, wanaoishi bila kano hilo, misuli ya paja ikiwa na nguvu za kutosha kulishikilia goti. Si wote. Inategemea mtu, kazi yake, na mazoezi. Barua tuliichukua. Bei ya upasuaji tuliiuliza na kuiacha pale pale. Mazoezi tukaenda nayo nyumbani.

Mengine nilikuwa nayajua. Kukaza msuli wa paja mguu ukiwa umenyooka, kuhesabu tano, kuachia. Kuvuta kisigino kuelekea makalioni, taratibu. Kuketi kitini na kusimama, sawa, bila kuegemea upande mzima. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa kesi kubwa. Baba Faith alisimama kwa mguu mmoja na kujidanganya kwamba ni miwili.

"Unaubeba," nilimwambia.

"Nani anaubeba?"

"Wewe. Rudia. Pole pole mpaka ukose njia."

Alinitazama kwa jicho baya. "Hayo umetoa kwa mbwa."

"Eeh. Rudia."

Akarudia. Sikuthubutu kumwambia vizuri.

Siku ya kwanza ya ngazi tulishuka vidato vinane, tukapumzika, tukapanda. Mimi nilitangulia mbele yake nikishuka kinyumenyume, mikono nimeitandaza kama mtu anayekimbiza kuku. Wiki iliyofuata tulifika chini. Kisha tukawa na njia yetu: kutoka mlango wa ploti hadi kwa muuza makaa na kurudi, dakika tano. Kisha hadi kwa kinyozi, kumi. Majirani walituuliza tunatafuta nini usiku. Nilikuwa nikimtembeza Waziri asubuhi na Baba Faith jioni, na kusema kweli, mwezi wa Aprili nilisahau kutembea kama watu wengine. Hata nikiwa peke yangu Waiyaki Way watu walinipita wakinisukuma.

Mvua za masika zilipoanza, nyasi za Loresho zikawa telezi, nikamhamishia Waziri kwenye karakana ya gari. Nilipanga mifagio ya miti juu ya matofali, chini kabisa, ainue mguu mmoja mmoja kuvuka. Tulizunguka ndoo mbili kwa mwendo wa nambari nane. Kila alipoketi na kusimama sawa nilimpa kipande cha maini cha ukubwa wa ukucha. Wiki ya nane alipigwa picha, na mfupa ulikuwa umeungana. Bamba na skrubu ziling'aa pale kama spea mpya. Wiki ya 12 aliruhusiwa kuachiliwa kamba. Alisimama katikati ya uwanja bila kujua afanye nini. Mama aliita kutoka kwenye veranda, "Waziri, kuja hapa!" na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiita hivyo. Mbwa akakimbia, kwa miguu minne, nikaihesabu.

Mwezi huo wa Mei paja la Baba Faith lilikuwa limerudisha sentimita mbili kati ya nne. Hakurudi kwenye mjengo, na hatarudi. Goti bado humtoka mara moja moja akigeuka vibaya, na baridi hulijua. Lakini mkongojo aliutundika ukutani, na mwezi wa Agosti alipanda basi peke yake kwenda Lugari kumwona Faith. Alinipigia simu kutoka huko kuniambia kwamba kutoka steji hadi nyumbani alitembea.

"Vizuri," nilisema.

Alinyamaza kidogo. "Wacha ujinga," akasema, lakini nilimsikia anatabasamu.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba mbwa wengi wakikatika kano la mguu mmoja, la pili hufuata. La Waziri lilifuata mwaka wa 2021. Wakati huo mimi nilikuwa nimepata kazi nyingine mjini. Mama alinipigia, sauti imezeeka, akauliza kama namjua mtu mvumilivu. Nikamwambia namjua mmoja, lakini anachechemea kidogo.

"Haraka ya nini?" alisema Mama.

Baba Faith alianza Jumatatu. Nilimpa ile karatasi ya zamani, imechakaa kwenye mikunjo, ingawa alikuwa anaijua kuliko mimi. Jioni ya kwanza nilimpigia simu kumuuliza kazi ikoje.

"Kazi si mbaya," alisema. "Lakini huyu Waziri wako ana haraka sana."